Sasa tumsikie mama yetu

Juzi nilikuwa kwa semina moja hapa Nairobi, zile semina za hoteli ambazo karatasi inasema saa tatu kamili lakini saa nne kasoro watu bado wako kwa chai na mandazi wakisalimiana. Ukutani bango kubwa, "Utawala Bora na Ugatuzi". Mbele wanaume wanne na mwanamke mmoja. Wanaume wakaulizwa pesa za kaunti, wakaulizwa Seneti, wakaulizwa madeni, wakaulizwa uchaguzi wa 2027 utakuwaje, na kila mmoja akamaliza dakika zake kumi na kukopa zingine tano. Alafu modereta akageuka na tabasamu la ukarimu kabisa, "Sasa tumsikie mama yetu hapa. Prof, hebu tuambie kidogo kuhusu akina mama."

Huyu Prof amekula miaka akifuatilia bajeti za kaunti, na simaanishi kusoma kichwa cha gazeti, namaanisha kukaa na yale majedwali ya ripoti za Msimamizi wa Bajeti, kurasa baada ya kurasa, akifuata shilingi ilikotoka Hazina Kuu hadi ilipopotelea kwa kisima ambacho hakikuchimbwa. Akavuta maiki. "Ya akina mama itafika," akasema, "kwanza nirudi kwa hesabu ya ndugu yangu hapa, kuna sufuri imeongezeka." Ukumbi ukacheka. Nikacheka pia, alafu kicheko kikanikwama manake mimi mwenyewe nishawahi kuwa huyo modereta, miaka kama sita imepita, na nilitumia maneno karibu yale yale, na nikaenda nyumbani nikijipongeza ati nimehakikisha kuna mwanamke kwa paneli.

Siku hizi hatuwanyimi maiki, hiyo tumevuka. Tunawapa, lakini tunawapa na mpaka wake, kama mgeni anayeonyeshwa chumba cha kulala na kuambiwa jikoni asiingie. Dola, pesa, ardhi, polisi, mapinduzi, hizo ni za wanaume, na yeye atuchambulie akina mama. Na kinachonikera ni kwamba vifaa vyenyewe ambavyo hao wanaume wanne walikuwa wanatumia pale mbele, vingi vilichongwa na wanawake, na wala hawakujua, ama walijua wakanyamaza.

Anza na hilo bango. Utawala bora. Sisi hapa tumelishwa hayo maneno tangu miaka ya 90, wafadhili wakija na orodha ya mageuzi, rekebisha mahakama, rekebisha ununuzi wa serikali, rekebisha utumishi wa umma, yote mara moja na yote kabla ya mkopo ujao. Mwaka wa 2004 Merilee Grindle wa Harvard, ambaye alikuwa amesoma serikali za Amerika ya Kusini kwa miaka mingi, akaandika makala iliyouliza swali la mtu mwenye akili ya nyumbani: kwani lazima yote? Akaonyesha vile orodha ya Benki ya Dunia ilikuwa inanenepa kila mwaka hadi vitu vikapita mia, na nchi maskini haina watu wala pesa za kufanya hata robo. Akapendekeza tutafute utawala unaotosha, uulize kipi kinatangulia, kipi kinaweza kungoja, kipi kiko sawa tayari hata kama hakipendezi macho. Ukikaa kwa ofisi ya kaunti yoyote siku moja utaelewa huyu mama alikuwa anasema nini. Lakini bango bado linasema bora.

Alafu kuna Elinor Ostrom, msomi wa siasa wa Marekani, na hapa nitakaa kidogo manake huyu anaingia mpaka kwa ploti yangu.

Naishi upande wa Eastlands, jengo la orofa sita, tangi moja juu. Maji ya kaunti yanakuja siku mbili kwa wiki, ikibahatika. Nyuma ya geti kuna ratiba imeandikwa na felti peni nyeusi, orofa ya kwanza na ya pili Jumanne, ya tatu na ya nne Alhamisi, na hizo zingine zinajua siku zao. Mwisho kabisa imeandikwa "mitungi 6 kwa nyumba, SI 8", na hiyo SI imepigiwa mistari miwili, kwa hivyo unajua kuna mtu alijaribu nane. Keateka hakuiandika hiyo ratiba, wala landilodi. Waliiandika wapangaji wenyewe baada ya vita vya mwaka juzi ambapo mama wa orofa ya tano na kijana wa orofa ya pili nusra washikane mashati. Ukizidisha mara ya kwanza unaambiwa tu, mara ya pili jina lako linaandikwa kwa grupu, mara ya tatu unaruka zamu. Mwenye kuhesabu mitungi ni jirani yako, si askari.

Hiyo ratiba ndo nadharia ya Ostrom. Wataalamu walikuwa wamekubaliana kwamba kitu cha wote lazima kiharibike, kwa hivyo suluhu ni mbili tu, ama serikali ikichukue ama kiuzwe kwa mtu binafsi. Yeye akaenda kuangalia. Tasnifu yake ya 1965 kule UCLA ilikuwa juu ya maji ya chini ya ardhi pwani ya Los Angeles, mahali watu walikuwa wamechimba na kuvuta mpaka maji ya chumvi ya bahari yakaanza kuingia, na akafuata vile wenye visima walikaa chini, wakapelekana kortini, wakakubaliana viwango. Miaka 25 baadaye akatoa kitabu cha 1990 kilichokusanya misitu, malisho, mifereji na uvuvi kutoka nchi tofauti, akatoa kanuni 8 zinazofanya watu wa kawaida waweze kutunza kitu chao kwa muda mrefu, na mbili kati ya hizo ni hizo nimekuambia za nyuma ya geti: mwenye kuchunga awe mmoja wenu, na adhabu ipande polepole.

Sasa sikiliza njia aliyopitia. Alitaka udaktari wa uchumi, akakataliwa kwa sababu hakuwa na hesabu za kutosha, na hakuwa nazo kwa sababu shule ya upili wasichana walikatazwa hesabu za pembetatu, wakaambiwa hazitawasaidia. Akaingia sayansi ya siasa. Walipohamia Indiana mumewe ndo alikuwa na kazi, yeye akapewa darasa la utangulizi wa serikali ya Marekani saa moja na nusu asubuhi, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumamosi! Saa moja na nusu! Yule msichana aliyenyimwa pembetatu akaja akashinda Nobel ya uchumi mwaka wa 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, na wachumi wengi wakabaki kuulizana huyu ni nani. Akafa 2012. Hapa kwetu kila mradi wa misitu ya jamii na kila kamati ya maji inazungumza lugha yake, lakini uliza kwa semina ni nani alileta hayo mawazo uone watakavyoangalia dari.

Wa tatu, haraka kidogo, Theda Skocpol, naye msomi wa Marekani. Mwaka wa 1979 alitoa kitabu kikilinganisha mapinduzi ya Ufaransa, Urusi na China, na hoja yake ikakata maneno: hasira ya watu peke yake haiangushi dola, watu wana hasira karne zote. Dola huanguka ikiwa yenyewe imepasuka ndani, hazina imekauka, wakubwa wamegombana juu ya nani alipe, na jeshi limesita. Juni 2024 wakati vijana waliingia Bunge tarehe 25, na siku iliyofuata Mswada wa Fedha ukaachwa, kila mchambuzi alikuwa na lake kuhusu hasira ya vijana. Wachache sana waliuliza swali la Skocpol, yaani hao wakubwa wenyewe wako pamoja ama wamegawanyika? Jibu likaja kabla Julai haijaisha, baraza la mawaziri likavunjwa, alafu watu wa upinzani wakapewa viti ndani. Wakubwa walifunga ufa. Ukisoma kitabu cha 1979 ungeona hiyo ikija kutoka mbali, na usingeshangaa vile wengi wetu tulishangaa.

Na yeye? Harvard ilimnyima ajira ya kudumu 1980, kitabu chake kikiwa kinasomwa kila mahali. Akalalamika rasmi kwamba ni kwa sababu ya jinsia yake, akaenda Chicago akafundisha, na katikati ya hiyo miaka ya 80 wakamwita arudi na ajira ya kudumu mkononi, akarudi. Usifikirie ni kisa cha zamani sana. Chama cha wanasayansi wa siasa wa Marekani kilianzishwa 1903, na mwanamke wa kwanza kuwa rais wake, Judith Shklar, aliingia 1989, mwaka ule ule Wangari Maathai alikuwa anazuia jengo la orofa 60 Uhuru Park.

Nimemtaja Maathai makusudi, hata kama alikuwa mtu wa anatomia ya wanyama na si siasa, kwa sababu bila yeye huwezi kuelewa bei ya usomi wa mwanamke hapa Nairobi. Udaktari wake aliupata Chuo Kikuu cha Nairobi 1971, wa kwanza kwa mwanamke Afrika Mashariki na Kati. Mwaka wa 1982 akajiuzulu ili agombee ubunge, akazuiwa kwa sababu ati hakuwa amejiandikisha upya kama mpiga kura, akarudi chuoni akakuta kazi imepewa mtu, na nyumba ya chuo akatolewa. Mwaka huo huo Micere Githae Mugo, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sanaa pale pale, akakimbilia uhamishoni na watoto wake, akapokonywa uraia, na akafia ughaibuni 2023. Kwa hivyo mtu akikuuliza mbona kizazi fulani cha wasomi wanawake wa Kenya ni chembamba, usimpe hadithi ya wasichana hawakupenda vitabu.

Waliobaki walifanya kazi. Maria Nzomo, pale pale Nairobi, ndo aliandika siasa ya Kenya ya mpito wa vyama vingi kwa jicho ambalo wengine hawakuwa nalo. Mwaka wa 1992 wanawake 6 walichaguliwa bungeni, na magazeti yakashangilia ama yakacheka, lakini yeye na msomi mwenzake Kathleen Staudt wakaandika sura kuhusu Kenya katika kitabu kikubwa cha 1994 kilicholinganisha wanawake na siasa katika nchi 43, na wakaiita hii siasa yetu mtambo uliotengenezwa na wanaume. Mtambo, yaani ukitaka kujua mbona unatoa kitu fulani, usiwaulize wanaopita ndani, fungua boneti. Baadaye Nzomo akawa balozi, Geneva huko, akarudi akaongoza taasisi ya diplomasia ya chuo.

Ukivuka mpaka kuna Sylvia Tamale wa Makerere, kitabu chake cha 1999 kuhusu bunge la Uganda kina jina la kuku jike anayeanza kuwika. Kila mtu aliyelelewa mashambani anajua kuku jike akiwika hafiki jioni, ni mkosi, anachinjwa. Sasa soma kitabu chenyewe uone, si kitabu cha akina mama, ni kitabu cha vile watawala wanavyogawa viti ili wanunue utiifu. Viti maalum vinaweza kumwingiza mwanamke na wakati huo huo vikamfunga mdomo, kwa sababu anajua aliyempa ni nani. Aili Mari Tripp, Mmarekani aliyekulia Tanzania, akafika karibu na hapo hapo kwa njia yake: vikundi vya wanawake vilivyobadilisha kitu Uganda ni vile vilijitegemea, havikuwa mkia wa chama. Alafu akapanua, akalinganisha nchi za Afrika zilizotoka vitani na zile hazikupigana, akaona zilizopitia vita vikubwa ndo zilipandisha wanawake haraka, kwa sababu wazee wa zamani walipoteza nafasi na katiba zikaandikwa upya wakati vikundi vya wanawake viko macho.

Hii ndo ingetusaidia sisi kuelewa aibu yetu ya theluthi mbili. Sisi tuliandika katiba upya baada ya moto wa vurugu za uchaguzi za 2008, na mezani wakati huo, kwa Kamati ya Wataalamu, Atsango Chesoni alikuwa naibu mwenyekiti na Christina Murray, profesa wa sheria za katiba kutoka Cape Town, alikuwa mmoja wa wataalamu wa kigeni. Katiba ikazinduliwa rasmi 27 Agosti 2010, ikasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Vizuri. Mahakama ya Juu ikasema 2012 kwamba itekelezwe kufikia Agosti 2015. Haikutekelezwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri Rais avunje Bunge, halikuvunjwa.

Kwa redio utasikia ni kwa sababu wanawake hawapigii wanawake kura. Huo ni uvivu tu wa kufikiri. Wanaolinganisha nchi, watu kama Drude Dahlerup na Mona Lena Krook ambao wamekaa na mambo ya viti maalum dunia nzima, watakuambia kwanza angalia mfumo wa uchaguzi. Rwanda ina viti 80, 24 vimetengewa wanawake, na vingi vya vile vingine vinatoka kwa orodha za vyama ambapo chama kinaweza kupanga majina, mwanamke mwanaume mwanamke, ndo maana 2008 ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume bungeni. Sisi tuna maeneo bunge 290, kila moja mshindi mmoja, mchujo wa chama wa fujo na pesa, alafu juu tukabandika viti 47 vya wanawake wa kaunti na 12 vya kuteuliwa. Jumla 349, theluthi ni 117. Wanawake wa maeneo bunge 2022 walikuwa karibu 30 tu. Piga hesabu mwenyewe utaona hiyo sheria haitoki kwa mfumo huu hata wapiga kura wote wawe malaika, na wa kuubadilisha mfumo ni wale wale waliokalia hivyo viti.

Lakini ona upande wa magavana, hakuna kiti hata kimoja kilichotengwa, na 2013 wanawake walikuwa 0, 2017 wakawa 3, 2022 wakawa 7. Hapo napenda msomi aniambie ni nini, nafikiri ni kwamba gavana ana bajeti, na mwanamke aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti ama waziri alikuwa ashajulikana kaunti nzima kabla ya kuomba kura, yaani kile kiti cha wanawake wa kaunti tulichokidharau kimegeuka ngazi. Naweza kukosea. Ila ni swali la dola, si la akina mama, na ukilipeleka kwa ile sehemu ya mwisho ya paneli, dakika tano kabla ya chakula, halitajibiwa.

Na wako hapa wa kulijibu. Winnie Mitullah wa taasisi ya masomo ya maendeleo pale Chuo Kikuu cha Nairobi ametumia miaka mingi kwa wachuuzi wa mitaani na serikali za mitaa, na ndio taasisi inayofanya kazi ya Afrobarometer hapa Kenya, zile hojaji za kuuliza watu ana kwa ana katika nchi zaidi ya 30 za Afrika kama wanaamini mahakama, polisi, bunge. Kila mchambuzi wa TV akisema "Wakenya wengi hawaamini", nambari mara nyingi imetoka huko. Mama mboga anayekimbizwa na askari wa kanjo kila asubuhi, wengine wanamwona kama habari ya huruma. Kwa mtafiti huyo ndo mahali serikali inaonekana ilivyo, nani anatoza, kwa risiti gani, na risiti inaenda wapi. Na tusisahau jina maarufu kuliko yote kwa siasa yetu ya katiba ni la mwanamke, Wanjiku, yaani mwananchi wa kawaida, lililotokana na Rais Moi kuuliza ati Wanjiku anajua nini kuhusu katiba.

Sasa nimalizie na rafiki yangu. Anafundisha siasa linganishi kwa chuo fulani, mkataba wa muda, semesta ya tatu hii hajalipwa. Script za mtihani anazibeba kwa ile mifuko ya supamaketi ya kitambaa, anazisahihisha kwa matatu ya Thika Road akiwa amekaa dirishani, kalamu nyekundu, na konda ashamzoea, anamwita mwalimu. Ofisi hana, kwa hivyo wanafunzi wanamngoja ngazini, na wengi ni wasichana wenye shida ambazo hazina uhusiano na siasa linganishi, karo, mimba, mjomba, na anawasikiliza wote, na hiyo haiandikwi kwa fomu ya kupandishwa cheo. Ili ale, anafanya utafiti wa kandarasi, anatembea wodi hadi wodi, anaandika ripoti, na ripoti inatoka na nembo ya shirika bila jina lake.

Tasnifu yake ni kuhusu madeni ambayo kaunti hazijalipa wanakandarasi. Amelinganisha kaunti nne, mbona moja inalipa na jirani yake hailipi ilhali mgao unakaribiana, na nimesoma sura mbili, ni kazi safi, ngumu, imejaa tarehe na vocha. Supavaiza wake akaandika pembeni ya sura ya tatu: jinsia iko wapi hapa? Darasa lao walikuwa saba, wanaume watano, na aliwauliza wote kama waliandikiwa hivyo. Hakuna.

Wiki iliyopita akapata barua ya mwaliko, semina nyingine, hoteli nyingine, mada wamempangia tayari, "Wanawake na Ugatuzi", dakika kumi, baada ya chakula cha mchana. Akawajibu kwa adabu kwamba atafurahi kuja, ila angependa azungumzie madeni ya wanakandarasi, na asubuhi ikiwezekana, kabla watu hawajashiba. Nikamuuliza jana kwa simu kama wamejibu. Akasema wamemtumia ujumbe wa kuthibitisha anatumia nambari gani ya M-Pesa kwa nauli, lakini kuhusu mada bado wako kimya.